Nyumba ya Nne Kulia

Mimi sikuumbiwa kiti. Mama ndivyo anavyosema, na kwa hilo simbishii. Nikikaa dakika tano miguu inaanza kuniwasha, nainuka kwenda kufunga dirisha lililokwisha kufungwa, nakunywa maji bila kiu. Ndiyo maana kazi ya kutembeza wageni ilinikaa kama nguo ya kushonewa. Kwa miaka kumi na tisa nimewapitisha watu kwenye huu mji mkongwe, kutoka Sokoni kule chini hadi Langoni kule juu, nikiwaeleza nani alijenga nini, nani alimpindua nani, na kwa nini mnara una saa upande mmoja tu. Wenzangu kazini wananiita Kasuku. Jina hilo halikunikera hata siku moja, mpaka wiki ile ya vibao.

Vibao vyenyewe ni hivi. Manispaa iliamua kwamba sehemu kumi na mbili za mji mkongwe ziwekewe vibao vya shaba vyenye maelezo, na maelezo yaandikwe kwa lugha yetu wenyewe, maana wenyeji nao wana haki ya kuujua mji wao. Nikaombwa niandike mimi. Nani mwingine? Niliandika yote kwa jioni mbili, nimesimama, karatasi ziko juu ya friji, nikasaini, nikapeleka. Nikajiona mtu kati ya watu.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya uzinduzi, nilikuwa nakatiza Mtaa wa Lango mbio mbio kwenda kupokea kundi la wageni. Nikasikia naitwa kutoka juu. Kuinua macho, namwona Fundi Saa yuko kwenye ngazi, suruali kaikunja hadi magotini, anapaka rangi ukuta wa nyumba yake. Mzee wa miaka sabini na kitu, mtu wa kushika skrubu ndogo kama punje za ufuta, leo kashika brashi la rangi! Nikampa shikamoo. Akashuka taratibu, akaitikia, akaniita mwalimu kama ilivyo kawaida yake.

Maneno yalikuwa yanambubujika. Watu wa manispaa walikuja jana, akaniambia, wametoboa matundu manne kando ya mlango wake, kibao kinawekwa hapa hapa. Basi amewapigia simu wanawe wote wanne. Mmoja kaomba likizo kazini, mwingine hajakanyaga nyumbani tangu mazishi ya mama yao, na wote wanakuja na watoto wao. Wataingia Ijumaa jioni. Suti ameshaitoa kabatini, inapigwa upepo. Halafu akajifuta mikono, akashusha sauti, kama mtu anayeomba kitu huku anaona haya.

"Mwalimu, nasikia wewe ndiye uliyeandika. Nidokeze kidogo tu. Kinasemaje?"

Nikajifanya natazama ile ngazi yake. Maana kibao kinasema hivi, neno kwa neno, na kila neno ni langu: *Hapa aliishi mlinzi wa lango aliyewafungulia adui kwa jozi ya viatu vya ngozi, na mji ukaanguka. Nyumba hii imebaki mikononi mwa kizazi chake hadi leo.*

Hiyo ndiyo hadithi ninayoisimulia mbele ya mlango wake tangu nianze kazi. Naisimulia kwa lugha ya wageni, na Fundi Saa hajui hata neno moja la lugha hiyo. Kila kundi likisimama, yeye hutoka kwenye karakana yake akawapungia mkono. Kukiwa na mgeni mzee, humletea kiti. Alifikiri naisifia nyumba yake. Nami, niseme kweli, nilijua kwamba anafikiri hivyo. Nilimwacha. Nilijiambia haina madhara, mzee haelewi, na wageni wakishapanda basi lao wamesahau.

Lakini shaba haipandi basi. Na wajukuu wanajua kusoma.

Nikamjibu kwamba atasoma mwenyewe siku hiyo, nisimwondolee utamu. Akacheka, akapiga paja. Sawa, akasema, atasoma kwa sauti mbele ya wajukuu. Akapanda ngazi yake tena.

Kundi la siku hiyo nililiharibu vibaya. Nililipitisha uchochoro wa nyuma ili nisifike kwa Fundi Saa, nikawaonyesha mapipa ya taka na paka watatu. Kisimani nilisahau idadi ya ngazi, kitu ninachokijua kuliko umri wangu. Mama mmoja aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo. Nilipowaaga tu, nikachapa mguu hadi manispaa.

Ofisi ya kumbukumbu iko ghorofa ya pili, na afisa wake tunamwita Muhuri, kwa sababu hawezi kukupa hata habari za asubuhi bila kuigongea muhuri. Si mtu mbaya. Vibao vilikuwa vimeegemezwa ukutani nyuma yake, vimefungwa kwenye magazeti. Nikamwomba akiondoe kile cha Mtaa wa Lango.

Akaniuliza kama maelezo yake si ya kweli. Nikasema ni ya kweli. Akauliza tatizo liko wapi basi. Nikamweleza habari ya mzee, rangi, watoto wanne, suti. Akanisikiliza vizuri tu, kalamu kaiweka chini. Kisha akasema huruma haina faili. Mgeni rasmi ameshaambiwa vibao ni kumi na viwili, ratiba imeshachapwa, na kumi na viwili vitabaki kumi na viwili.

"Kukitoa pale lazima kiende pengine," akasema. "Niletee maandishi yanayoonyesha hapo pengine ni wapi, na saini ya mwenye ukuta. Mwisho kesho saa sita mchana. Na ujue, kosa likiwa la mtembezaji, beji yake inarudi kwenye hii droo."

Alikuwa na hakika hakuna binadamu atakayesaini kitu kama hicho. Hata mimi nilikuwa na hakika. Nikaenda nyumbani kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Nyumbani ni hapo hapo Mtaa wa Lango, naishi na mama. Nilichukua daftari la baba, nikasimama nalo jikoni. Baba alitembeza wageni miaka thelathini kabla yangu. Alipofariki, ghafla, moyo, mimi nilikuwa karani wa shule, na sikuwa nimewahi kufuatana naye kazini hata mara moja. Aliacha daftari moja tu lenye jalada jeusi. Nilikariri kila ukurasa kama mtoto wa darasa la pili, nikafanya mtihani wa manispaa, nikapewa beji. Kila ninachokijua kuhusu mji huu kimetoka humo. Sasa nilitaka kitu kimoja tu: neno "inasemekana", au "labda", au alama ya kuuliza, niikimbize kwa Muhuri.

Hakukuwa na labda. Mwandiko wa baba ulikuwa umesimama wima: *Mtaa wa Lango. Nyumba ya nne kulia: mlinzi wa lango, viatu. Eleza kwa ufupi. Usikae sana.* Habari ya kizazi chake kubaki mle ndani haikuwemo. Hiyo niliiongeza mimi, kwa sababu wageni walipenda, na kwa sababu nilijua Fundi Saa karithi nyumba kwa baba yake. Pengo hilo nililiona, lakini bado halikunisaidia. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma, nikafika ukurasa wa kwanza kabisa.

*Basi linashusha watu Langoni saa tatu. Teremka nao hadi Sokoni.*

Nimeusoma mstari huo mara mia. Ni mstari wa basi tu. Nilikuwa hata siuangalii, kwa sababu mwaka ule ule nilioanza kazi, mabasi yalikatazwa kufika Langoni. Mtikisiko ulikuwa unapasua ukuta wa kale. Yakahamishiwa Sokoni. Kwa hiyo mimi njia yangu naanzia chini, napanda. Baba alianzia juu, akishuka. Kisima ni kisima tu, utokee juu utokee chini. Mnara hali kadhalika. Lakini nyumba ya nne kulia?

Nilitoka jikoni bila kuaga. Nikapanda hadi Langoni, nikaligeuzia mgongo lango kama baba alivyokuwa akifanya, nikaanza kushuka, mkono wa kulia nimeunyoosha kama kichaa, nahesabu. Duka la mikate, moja. Seremala, mbili. Nyumba ya mjane mwenye kasuku wa kweli, tatu. Ya nne mlango ulikuwa wazi, na redio inasikika ndani. Niliuacha wazi mwenyewe dakika mbili zilizopita.

Nilisimama pale barabarani watu wakinipita pembeni. Na hapo ndipo kumbukumbu ilipokuja, wala sikuiita. Nina miaka sita, nimekaa kizingitini mwetu, na wageni wamesimama mbele yetu, kundi zima, baba katikati anazungumza lugha nisiyoielewa. Nami nawapungia mkono. Nilikuwa najua kabisa, kwa akili zangu za miaka sita, kwamba baba anawaambia hapa ndipo kwake, na yule pale ni binti yake.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa anapiga pasi mashuka. Nikamwuliza baba alikuwa anawaambia nini wageni walipokuwa wakisimama hapo mlangoni.

Mama hakuinua macho. "Ukweli," akasema. "Na ndicho kilichokuwa kinanikera."

Basi akanieleza, pasi inakwenda na kurudi. Mlinzi wa lango alikuwa babu wa babu yake baba. Baba aliambiwa na baba yake, naye na wake, mlango umefungwa. Walipokwisha kurithishana aibu hiyo kimya kimya, akaja baba, mtu asiyeweza kukaa na kitu moyoni, akaamua kuwaambia watu wa mbali ambao hawatarudi. Wakimwuliza nyumba sasa ni ya nani, anajibu ni ya mtu mmoja anayemfahamu. Mama alimsihi aache. Hakuacha. Alipokufa, na mimi nikaanza kazi, mama akaona nawapitisha wageni mlangoni kwetu bila kusimama. Akashukuru. Akadhani nimeamua kuifukia hadithi yenyewe.

Hakujua kwamba nimeihamishia kwa Fundi Saa. Lugha ile hata yeye haijui.

Nilipomwambia, pasi ilisimama. Harufu ya shuka kuungua ikaanza kupanda, nikanyoosha mkono nikaiinua mwenyewe. Mama aliketi. Nikamweleza yote mengine: rangi, watoto, kibao, kesho saa sita, saini. Nikamwambia kwamba bila saini yake kibao kinakwenda kwenye matundu yale manne, na mzee wa watu atakisoma kwa sauti mbele ya wajukuu.

Mama hakupayuka. Angepayuka ningepata nafuu. Alisema aliingia nyumba hii bi harusi, na akitoka atatoka amebebwa, na hakuwahi kufikiri kwamba atabebwa kupita chini ya maneno kama hayo. Akasema watu wa mtaa watamtazama vipi akienda dukani. Nikasema sijui. Akasema si lazima kiwe na ukuta wowote, nikitupe baharini, mtoni, popote. Nikasema Muhuri hakubali. Nilikuwa nazunguka meza, sijijui, mpaka akaniambia nisimame mahali pamoja, nampa kizunguzungu.

"Fundi anajua?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Basi mwambie kwanza yeye. Umwambie wewe, kwa mdomo huo huo. Ukirudi, nitasaini."

Usingizi sikuupata. Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Fundi Saa. Rangi ilikuwa imekauka, ukuta unang'aa, na matundu manne yamepangana vizuri kando ya mlango. Karakana yake ni chumba kidogo cha mbele, saa zimejaa kuta zote, kila moja na mwendo wake. Alikuwa amevaa kile kioo cha kwenye jicho, anachokonoa saa ya mkononi. Akanionyesha kiti. Nilikaa.

Nikamwambia. Nilianza na kibao kinasema nini, nikaenda kwenye basi, kwenye daftari, kwenye kuhesabu, hadi mlangoni kwetu. Sikupunguza. Alikivua kioo katikati ya maneno yangu, akakishika mkononi, akawa anakipangusa kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo nilipokuwa nawapungia," akasema, "walikuwa wanamtazama mjukuu wa msaliti."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na ulikuwa unajua kwamba mimi sijui."

Kuna maswali ambayo mtu anaweza kuyazungukia, nami ni hodari wa kuzunguka, ndiyo kazi yangu. Hilo halikuwa na uchochoro wa nyuma. Nikasema nilikuwa najua.

Akasema kukosea nyumba anaelewa, hata yeye amewahi kumrudishia mtu saa ya mtu mwingine. Hilo la pili ndilo haliingii kichwani mwake. Aliyasema kwa sauti ya chini, macho yako kwenye meza. Nilitamani anitukane. Nikaanza kusema kwamba nitawaeleza wanawe mimi mwenyewe, kwamba nitafanya lolote, na machozi yakawa yananitoka kama mtoto. Akanisubiri nimalize. Kisha akanionyesha mlango, akaniomba niufunge nikitoka, maana vumbi linaingia kwenye saa.

Nilimkuta mama amejitayarisha, kavaa na miwani. Aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, kila herufi, nadhani ili ijulikane wazi kwamba yeye humu alikuja kuolewa tu. Saa tano na dakika ishirini nilikuwa mbele ya Muhuri. Alisoma daftari, akasoma saini, akanitazama, akasoma tena. Hakugonga muhuri kwa muda mrefu. Halafu akaugonga, akanyoosha mkono, nikavua beji nikampa. Miezi sita, akasema. Akaniandikia na stakabadhi.

Jumamosi kila kitu kilikwenda kama ratiba ilivyochapwa. Mgeni rasmi alikuja na miwani ya jua, akasema maneno mengi juu ya urithi, akavuta kitambaa cha kibao kando ya mlango wetu, watu wakapiga makofi kabla hawajasoma. Walipoanza kusoma, makofi yakapungua. Mama alisimama mlangoni muda wote, kavaa gauni lake zuri kuliko yote, kidevu juu. Muuza mikate alimtazama, akatazama chini. Mjane wa nyumba ya tatu alikuja akamshika mkono. Kule kwa Fundi Saa mlango ulikuwa umefungwa. Mafundi wa manispaa walikuwa wameyaziba matundu kwa saruji, na kwenye ile rangi mpya yalibaki madoa manne ya kijivu.

Mgeni rasmi akaondoka, watu wakatawanyika. Nilikuwa nafagia maua yaliyochanikachanika mlangoni, si kwamba yalihitaji kufagiwa wakati huo, niliposikia viatu vingi vinapanda mtaani. Kuinua macho: Fundi Saa, ndani ya suti, na nyuma yake wanawe wanne na wajukuu, watu kumi na kitu. Wakaja wakasimama mbele ya mlango wetu, nusu duara, vile vile wanavyosimama wageni.

Alimsalimia mama kwanza, kwa heshima zote. Kisha akanigeukia. Safari hii hakuniita mwalimu.

"Binti, wanangu wametoka mbali. Niliwaahidi kibao. Haya, tutembeze."

Nikamwambia beji yangu imechukuliwa. Akasema hakuomba beji.

Nikauweka ufagio. Nilikuwa sijawahi kuisimulia hadithi ile kwa lugha yetu, kwa sauti, mbele ya watu wanaoielewa. Ilinitoka kwa shida. Nilisema mji ulikuwa umezingirwa miezi mitano na watu walikuwa wanakula magome. Nilisema mlinzi wa lango alisimama usiku na mchana juu ya mawe, miguu mitupu, nyayo zimepasuka. Hayo ya nyayo hayamo kwenye daftari, na hapo hapo nikajua nayasema kwa sababu mlinzi huyu ni wetu. Kwa wageni, miaka yote ile, hakuwahi kuwa na nyayo. Nikasema aliahidiwa viatu vya ngozi, akafungua lango, na kulipopambazuka mji haukuwepo. Nikasema mtu huyo ni babu wa babu yake baba yangu, na kwamba nyumba aliyoiacha ndiyo hii, na kwamba kwa miaka kumi na tisa mimi niliwaambia watu ni nyumba ya baba yenu. Nikawaomba radhi, mmoja mmoja kwa macho, mpaka wale wadogo.

Binti yake mkubwa alikuwa anatazama viatu vyake. Nikadhani nimemaliza, nikainama kuchukua ufagio.

"Bado," akasema Fundi Saa. "Kuna pale wanapocheka."

Nikasema, "Mzee wangu."

"Kila kundi linacheka. Nikishawaletea viti narudi ndani, nakaa na saa zangu, nawasikia. Nami nacheka nao, peke yangu mle ndani, sijui nacheka nini. Miaka kumi na tisa. Nataka kujua."

Nilimtazama mama. Nilitaka aingie ndani. Hakuingia. Alikuwa amesimama pale pale kizingitini, mkono mmoja kaushika mlango, na aliponitazama sikuona msaada wowote machoni mwake, wala hasira.

Basi nikasema. Niliisema kama ninavyoisema siku zote, na mkono wangu, bila kuutuma, ukaelekea chini kwenye miguu ya wasikilizaji kama ulivyozoea.

"Tangu siku hiyo, mkialikwa kwenye nyumba hii, msiviache viatu vyenu mlangoni."

Gari lilipiga honi kule Sokoni. Fundi Saa aliinamisha kichwa upande mmoja, vile anavyofanya akiletewa saa inayodai kwamba inatembea.

"Kwa lugha yetu haichekeshi," akasema.

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama kitu alichotaka kukijua na sasa amekijua. Kisha akamshika mkono mjukuu aliyekuwa karibu, akaniuliza kama vile vibao vingine viko mbali, maana hawa watoto wamekuja mara ya kwanza na mji bado hawajauona. Nikamwambia kilicho karibu ni cha kisimani. Nikatangulia, nao wakanifuata.